Shukrani Isiyofuta Hasara

Katika filamu ya It's a Wonderful Life mwizi hakamatwi. Henry Potter, tajiri wa mji mdogo wa Bedford Falls, anazikuta dola 8,000 ndani ya gazeti, anajua ni za nani, anamwona mwenye dhamana nazo amesimama mbele yake akimwomba msaada, na ananyamaza. Filamu inakwisha watu wakiimba na kukumbatiana, fedha zikiwa bado kwake. Ilipotoka, Desemba 1946, studio za Marekani zilikuwa zimejifunga kwa kanuni za maadili zilizotaka uovu ulipwe kabla taa za ukumbini hazijawashwa. Mwongozaji wake, Frank Capra, aliuacha uovu huu bila malipo. Watazamaji wengi hulisahau jambo hili wakishafuta machozi. Mimi naliona ndilo mlango wa kuingilia filamu nzima, na ndiyo sababu inastahili kutazamwa kila Krismasi: furaha yake haikungoja hesabu zikae sawa.

Kwa asiyeijua, kisa ni hiki. George Bailey, anayeigizwa na James Stewart, ana hamu moja tangu utotoni, nayo ni kuondoka. Anataka kuizunguka dunia, kisha asome, kisha ajenge viwanja vya ndege na madaraja marefu. Baba yake anafariki safari ikiwa karibu, na chama cha akiba na mikopo ya nyumba alichokiendesha mzee kitafungwa isipokuwa George akubali kukishika. Anakubali, na ada ya chuo aliyojiwekea inamsomesha mdogo wake, Harry. Makubaliano ni kwamba Harry akihitimu atarudi kumpokea. Harry anarudi na mke, ambaye baba yake amemwahidi kazi nzuri mbali na pale, na George anasema nenda. Siku ya harusi yake mwenyewe watu wanakimbilia chamani kudai akiba zao kwa hofu, na dola 2,000 za fungate zinaishia mikononi mwao. Jioni zinabaki dola mbili. Vita inakuja, na George anakataliwa jeshini kwa sababu ya sikio la kushoto, lililokufa pale alipokuwa mtoto na kujitosa kwenye maji ya barafu kumwokoa Harry huyo huyo. Harry anakuwa rubani wa jeshi la majini na anapewa Nishani ya Heshima. Mkesha wa Krismasi wa 1945, siku ambayo mkaguzi wa hesabu amefika, ami yake Billy anazipoteza zile dola 8,000 za chama. George ana bima ya maisha ya dola 15,000, na Potter anamwambia kwamba thamani yake akifa ni kubwa kuliko akiwa hai. Usiku huo anakwenda darajani. Hapo ndipo malaika Clarence, mzee mpole ambaye bado hajapata mbawa zake, anapomwonyesha mji wao ungekuwaje kama George asingezaliwa.

Mara nyingi filamu hii huelezwa kama kisa cha mtu aliyelalamika bure. Alidhani maisha yake ni hasara, akaonyeshwa kwamba ni faida, akatubu, akarudi nyumbani. Maelezo hayo siyakubali. Kama filamu ingekuwa imebeba somo hilo tu, ingetosha kuitazama mara moja, kwa kuwa somo la namna hiyo likishaeleweka limekwisha. Isitoshe lingekuwa somo la kikatili. Lingemwambia kila aliyejinyima kwa ajili ya wengine kwamba alichojinyima hakikuwa kitu, na kwamba uchungu anaousikia ni upungufu wa akili au wa imani. Filamu haisemi hivyo popote. Ukiifuatilia kwa makini utaona kwamba hakuna hata kimoja alichokipoteza George anachorudishiwa. Asubuhi ya Krismasi sikio bado limekufa. Chuo hakusoma. Meli hakupanda. Miaka ya ujana imekwenda, na saa moja zaidi ya kuishi haiwezi kuirudisha.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1965 makala kuhusu migongano ya wajibu. Alikuwa akiwapinga wale walioamini kwamba mtu akikabiliwa na mambo mawili yanayomdai, akachagua lililo bora, basi lile lingine linafutika, kana kwamba halikuwahi kumdai. Williams alisema hapana. Lile lililoachwa linaacha masalio, na majuto ya mtu aliyechagua vizuri si dalili kwamba alichagua vibaya, wala si ugonjwa wa kutibiwa. Ni namna ya kutambua kwamba kile alichokiacha kilikuwa na thamani kweli. Sijui maelezo yanayomfaa George Bailey kuliko hayo. Alifanya yaliyo sawa kila mara, na kila mara yalimgharimu, na gharama ilikuwa ya kweli. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, wakimwonya mtu mzembe. Kuna majuto mengine, ya mtu ambaye hakuzembea hata kidogo, na hayo hayana methali.

Capra aliyajua masalio hayo na akayaweka wazi mbele ya macho yetu. Chukua tukio la simu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. George amekwenda kwa Mary Hatch, anayeigizwa na Donna Reed, akiwa amenuna, hajui kwa nini amekuja. Sam Wainwright, rafiki yao aliyetajirika mjini, anapiga simu. Wawili hao wanasikiliza kwenye mkono mmoja wa simu, mashavu yamekaribiana, huku sauti ya Sam ikiahidi nafasi ya kuingia mapema katika biashara ya plastiki. Ghafla George anaangusha simu, anamshika Mary mabegani, anamwambia kwa hasira kwamba hataki plastiki, hataki kuoa, wala hataki chochote isipokuwa kufanya anachotaka yeye. Mary analia. Kisha George anamkumbatia kama mtu anayezama. Tukio linalofuata ni harusi. Katika filamu nyingi za sikukuu mapenzi huja kama zawadi. Hapa yanakuja kama zawadi na kifungo kwa pamoja, na mwanamume anayeyapokea anajua, katika sekunde ile ile, kwamba anampenda huyu mwanamke kuliko chochote na kwamba sasa hatasafiri tena. Hakuna upande unaoshinda. Vyote viwili vinamwingia kwa mara moja, na uso wa Stewart unavibeba vyote viwili.

Au chukua pembe ya sebule yao. Miaka mingi baada ya harusi, baba wa watoto wanne, George bado ana meza yenye mifano midogo ya madaraja na majengo. Hakuna anayeizungumzia. Ipo tu, kama vitu vinavyokuwepo katika nyumba ya watu waliooana siku nyingi. Usiku wa mkesha, fedha zikiwa zimepotea, anawafokea watoto, anamtukana kwenye simu mwalimu wa binti yake mdogo Zuzu, kisha anaipiga teke meza ile na kuvunja kila kilichokuwa juu yake. Watoto wanamtazama kwa woga. Hapo ndipo tunapojua kwamba ndoto ile haikufa siku alipooa. Alikuwa akiilisha kidogo kidogo, pembeni, kwa vijiti na gundi. Filamu haituonyeshi akiijenga upya.

Stewart mwenyewe alikuwa ametoka vitani. Alikuwa rubani wa ndege za kudondosha mabomu, ameruka misheni 20 juu ya Ulaya, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza tangu arudi. Katika tukio la baa, ambapo George anaomba dua kimyakimya huku mdomo ukitetemeka, machozi yale hayakuwa kwenye maandishi. Alisimulia miaka mingi baadaye kwamba upweke wa watu wasio na pa kukimbilia ulimshika akiwa katikati ya maneno. Anayedhani hii ni filamu ya kubembeleza watoto hajautazama uso ule.

Sasa nije kwenye hoja ya malaika, kwa kuwa hapo falsafa ya filamu inaonekana kuwa na nguvu, na hapo hapo naiona ina ufa. Clarence anapima maisha kwa kuyatoa. Mwondoe George, kisha hesabu kilichopungua. Mfamasia Gower, akiwa amefiwa na mwanawe na akili imemtoka, alitia sumu kwenye vidonge vya mgonjwa. Hakuwepo mvulana George wa kumzuia, akafungwa. Harry alizama akiwa na miaka minane au tisa, na George analiona kaburi lake. Wanajeshi ambao Harry angewaokoa melini wakafa wote. Mji wenyewe unaitwa Pottersville, na pale zilipokuwa nyumba za wanachama pana makaburi. Hesabu hii inatisha na inashawishi. Lakini iangalie tena. Kama thamani ya George ni jumla ya matokeo hayo, basi sehemu kubwa ya thamani yake iliamuliwa na bahati. Kama meli ile isingeshambuliwa, au Harry angegeuka mtu mwovu, au Gower angegundua kosa lake mwenyewe, je, George angekuwa ameishi maisha duni zaidi, huku yeye mwenyewe akiwa ametenda yale yale? Na yule aliyeugua tangu utoto asimwokoe mtu yeyote, malaika angempeleka wapi akamwonyeshe nini? Katika mji ule wa kubuni, msiba aliopewa Mary ni kuwa mkutubi asiyeolewa, anayetembea haraka akiwa na miwani. Hapo filamu inaonyesha umri wake, na sioni sababu ya kuitetea. Mwanamke anayetunza vitabu vya mji si msiba.

Kwa hiyo hoja ya Clarence, ikichukuliwa kama hoja, haithibitishi inachodai. Na bado George anabadilika. Nimejiuliza kinachombadilisha ni nini hasa, na jibu liko katika yale anayoyafurahia anaporudi darajani. Askari Bert anamwambia mdomo wake unavuja damu, naye anashangilia damu. Anaingiza kidole mfukoni, anakuta petali za ua la Zuzu, zile mbili tatu zilizodondoka na kufichwa hapo ili mtoto asihuzunike, anapiga kelele za furaha. Anaisalimia gari yake iliyogonga mti. Anakimbia barabarani akiitakia heri ya Krismasi hata ofisi yake iliyokufa kwa ufukara. Nyumbani anashika kile kifundo cha mbao cha ngazi, kilichokuwa kikimchomokea mkononi kila siku na kumkera, anakibusu. Ukiiacha ofisi, kati ya vitu hivi hakuna kilichookoa mji wala chenye faida kwa mtu mwingine. Hajarudi kwa sababu amegundua kwamba yeye ni muhimu. Amerudi kwa sababu vitu hivi ni vyake, na alikuwa karibu kuvikosa.

Jambo linalofuata husahaulika sana: furaha hii inamjia kabla ya kuokolewa. Watu wengi wakiisimulia filamu huweka mambo kinyume, kwamba majirani wanaleta fedha, naye anafurahi. Sivyo. George anaingia nyumbani akijua kwamba anakamatwa. Ndani wamo mkaguzi na watu wa sheria wenye hati mkononi, naye anawapokea kama wageni wa heshima, anacheka kwamba anakwenda jela. Deni halijalipwa hata senti. Shukrani yake haikutokana na mambo kuwa mazuri. Ilikuja katikati ya mabaya, ikayaacha mabaya palepale yalipo, ikakaa kando yao.

Ndipo Mary anapoingia, yeye aliyezunguka mji mzima usiku ule kuwaambia watu, na nyuma yake wanakuja wao wenyewe na vikapu na makopo ya sarafu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na sebule ile inaujua ukweli huo. Simu ya maandishi inafika kutoka kwa Sam, ikiahidi hadi dola 25,000. Lakini filamu imetuonyesha kwanza noti za wale wasio na kitu. Annie, mwanamke Mweusi anayefanya kazi kwa akina Bailey, anatoa akiba yake, na anafanya mzaha kuhusu alichokuwa akiiwekea. Ananisikitisha, maana filamu imemweka jikoni miaka yote na haikutuonyesha nyumba yake. Anatoa hata hivyo, na kutoa kwake kuna uzito wa mtu ambaye mji haukumpa mengi.

Shukrani ya namna hii, isiyofuta hasara, ina tabia moja: haiwekeki akiba. Mtu hawezi kuikamilisha leo akamaliza. Kwa kuwa kilichopotea bado kimepotea, kesho kitadai tena, na keshokutwa, na itambidi mtu asimame tena mbele yake. Sina shaka kwamba George Bailey, ifikapo Machi, atakereka tena na kile kifundo cha ngazi. Ataliona treni likipita na atanyamaza. Hilo halitabatilisha usiku wa daraja. Litaonyesha tu kwamba shukrani ni tendo, na tendo hufanywa upya.

Ndiyo maana kurudia kutazama si uvivu wala mazoea matupu. Mdenmaki Søren Kierkegaard alichapisha mwaka 1843 kitabu kifupi kuhusu marudio, na msimulizi wake anafunga safari kurudi Berlin, mji aliowahi kuufurahia, ili ajaribu kama jambo linaweza kurudiwa. Anapanga nyumba ile ile, anakuta mwenye nyumba ameshaoa na mambo si yale. Anakwenda ukumbi ule ule wa michezo, hapati kiti alichokitaka, hacheki alivyocheka. Anarudi kwao ameshindwa. Alishindwa kwa kuwa alikwenda kudai raha ile ile ya zamani, kama mtu anayedai mzigo aliouacha stesheni. Marudio yanayofaulu yana shabaha nyingine. Pwani yetu jambo hili linajulikana. Maulidi ya Barzanji husomwa kila mwaka mfunguo sita ukiingia, Lamu, Mombasa, Unguja, na hakuna anayehudhuria ili ajue habari itaishaje. Watu wanasimama pale pale wanaposimama kila mwaka. Filamu si ibada, na sitaki kuipandisha mahali isipostahili. Ninachosema ni kwamba kuna mambo tunayoyarudia ili tuyatende, wala si kwa kuwa tumeyasahau.

Na historia ya filamu hii yenyewe ni ya kitu kilichookolewa na watu kukirudia. Philip Van Doren Stern aliandika hadithi fupi, wachapishaji wakaikataa, akaichapisha mwenyewe nakala 200 mwaka 1943 na kuwatumia marafiki kama kadi ya Krismasi. Capra akaipata. Theluji ile nzito tunayoiona ilitengenezwa kwa povu la kuzimia moto, sabuni na maji, California, katika joto la kiangazi. Filamu haikurudisha gharama zake. Ilipendekezwa kuwania Oscar ya filamu bora, na tuzo ikaenda kwa The Best Years of Our Lives. Mwaka 1974 muda wa hakimiliki ukaisha na wenyewe hawakuuhuisha, na vituo vya televisheni vya Marekani vikaanza kuirusha bure kila Desemba, mchana na usiku. Hakuna aliyepanga iwe ya kila mwaka. Watu waliikuta sebuleni mwao, mwaka hata mwaka, mpaka ikawa yao.

Siku hizi ni rahisi kuzipata mtandaoni dakika zake kumi za mwisho, zilizokatwa peke yake: nyimbo, fedha mezani, kengele mtini. Naomba usizitazame hivyo. Furaha ile bila saa mbili zinazoitangulia ni utamu wa sukari tu. Itazame yote, dakika zake 130, tangu mwanzo. Na kama katika familia yenu yupo kaka au dada mkubwa aliyeacha shule ili wadogo zake wasome, au aliyebaki nyumbani kuwatunza wazee huku wengine wakienda mbali, mkalishe karibu nawe, umtafsirie pale Kiingereza kinapomshinda. Mshukuru waziwazi, tena kwa jina la kile alichokiacha. Na usimwambie kwamba hakupoteza kitu.